Siku Tatu za Dada

Nguo ya eda ya wifi yangu niliishona mimi. Hakuna aliyeniuliza kama naweza. Siku ya pili ya matanga, Lalla Zhor, jirani yetu wa ng'ambo ya uchochoro, aliingia kwangu na jora la kitambaa cheupe kwapani, akalitandaza mezani juu ya kazi ya mteja wangu, akasema, "Tamu, fundi wa mtaa ni wewe. Mtoto wa watu hana cha kuvaa."

Mtoto wa watu ni Ibtisam, mke wa mdogo wangu Jawad. Walikuwa wamekaa pamoja miezi saba tu. Jawad alikuwa fundi wa jasi, wale wanaochonga maua kwenye dari za watu wenye nafasi. Jumanne ile, saa nne asubuhi, jukwaa alilosimamia katika hoteli moja inayojengwa upande wa Al Jadida liliachia, akaanguka kutoka ghorofa ya nne. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Asubuhi alipita kwangu akanywa kahawa nusu kikombe kwa sababu amechelewa, na niliporudi kutoka hospitali kile kikombe kilikuwa bado mezani na kahawa yake ndani.

Basi nikashika mkasi nikakata nyeupe. Jalaba nyeupe, ile kanzu ndefu yenye kofia ya kushonewa, ushungi mweupe, na Lalla Zhor akaenda dukani kutafuta soksi na makubadhi meupe, ili kila atakayemwona Ibtisam kwa miezi minne na siku kumi ajue kwamba huyu amefiwa, ampishe, ateremshe sauti. Dada hana nguo yake. Dada ana siku tatu, halafu anarudi kwenye cherehani.

Niseme ukweli mapema, maana sina tabia ya kuzungukazunguka: nilimwonea wivu. Nilimwonea wivu wa msiba. Mama alifariki nikiwa na miaka kumi na mitano na Jawad ana minne, na baba alishatangulia. Nilijifunza cherehani ili yule mtoto ale. Nilikataa wachumba wawili kwa ajili yake, na wa tatu, Bushaib mwenye tanuri ambamo mtaa mzima huoka mikate, nilimwambia kwamba akinioa mimi anaoa watu wawili. Akasema tanuri lake halimwulizi mtu unga wake umetoka wapi. Ndipo nikaolewa, nina miaka ishirini na saba, na Jawad akaja na begi lake la shule mgongoni. Sikujaaliwa mtoto mwingine. Sasa nieleze mimi ambaye sikusoma sana: miaka ishirini na miwili ya Jawad wanilipe kwa siku tatu, na miezi saba ya yule msichana wailipe kwa miezi minne na siku kumi, hesabu hiyo inatoka darasa gani?

Nilimwambia Lalla Zhor hivyo hivyo, huku napiga pasi.

"Ndivyo sheria ilivyo, mwanangu," akasema. "Mume ni mume."

"Na mimi nimefiwa, Lalla Zhor."

"Nani kasema hukufiwa? Lakini wewe una mume, una nyumba, una ulimi. Yule ana nini?"

Ile jalaba niliimaliza kabla ya adhuhuri. Bega la kushoto lilikaa juu kidogo kuliko la kulia. Nililiona tangu nilipokuwa nakata, na nikaendelea kukata.

Msiba ulikuwa nyumbani kwa wazazi wetu, ng'ambo ya uchochoro, ambako Jawad alikuwa anakaa na mkewe. Mimi ndiye niliyefungua mlango, kwa kuwa nilikuwa nafahamu komeo lake linavyokwama. Wanawake wa mji wetu, Azemmour, walikuja makundi kwa makundi, kila mmoja na donge lake la sukari ndani ya karatasi ya buluu. Pale mlangoni walinishika bega na kuniambia, "Baraka iwe kichwani mwako, Tamu," na papo hapo wakanipa ile sukari nipeleke jikoni, macho yao yameshanipita yanamtafuta mwenye nyeupe. Walinipa pole namna unavyompa bawabu salamu. Wakifika kwa Ibtisam walipiga magoti, wakamshika mashavu, wakalia naye, wakamwambia yale yale maneno polepole, neno kwa neno, na yeye akajibu kwa sauti ndogo, "Nawe usipatwe na baya." Nami nikasimama na sinia la chai ya nanaa, mikono miwili imebanwa, hata machozi siwezi kuyafuta.

Siku tatu zikaisha. Bushaib akarudi tanurini. Wateja wakaanza kuniuliza jalaba zao. Mtu akinikuta sokoni anauliza, "Vipi Ibtisam? Anakula? Analala?" Nikajibu anakula, analala. Mimi nilikuwa sili wala silali, lakini nguo yangu ilikuwa ya rangi ya zambarau, na mwenye zambarau haulizwi.

Wazee walikubaliana kwamba Ibtisam asiachwe peke yake, na mtu wa kukaa naye mchana akawa, bila shaka, mimi. Nilihamishia kazi zangu za mkono kwake. Yeye alikaa dirishani na ile nyeupe yake, mimi nikakaa mlangoni na sindano. Hakuwa msumbufu, lazima niseme. Wakati mwingine ningefurahi angekuwa msumbufu.

Wiki ya tatu akaletwa Bi Wafaa. Huyu alikuwa mama wa makamo kutoka jumuiya ya wanawake iliyo nyuma ya soko la mboga, na kazi yake ilikuwa kukaa na watu waliofiwa ghafla: wenye maiti za barabarani, za mtoni, za majukwaa. Kwa kuwa mwenye eda hatoki, yeye ndiye aliyekuwa anakuja, kila Jumatano baada ya chakula cha mchana. Nilipomwona mara ya kwanza nilitafuta mkoba wa dawa nisiuone. Hakuleta dawa wala hakusoma kitu. Aliketi, akauliza, akanyamaza, akangoja.

"Kifo cha namna hii hakimpi mtu nafasi ya kuaga," alimwambia Ibtisam. "Basi hapa tutaaga kidogo kidogo, hakuna anayetukimbiza." Halafu akanigeukia mimi niliyekuwa nimesimama na birika. "Na wewe ni dada yake, sivyo? Njoo uketi."

"Nina chungu jikoni," nikasema.

Jikoni hakukuwa na chungu. Nilikwenda nikasimama mbele ya jiko baridi, nikisikiliza sauti zao kupitia pazia, na roho inaniuma. Aliletwa kwa ajili ya Ibtisam. Mimi nilikaribishwa kama anavyokaribishwa mtu aliyewakuta wenyewe wanakula.

Jumatano ya pili Bi Wafaa alivuta mto mmoja akauweka karibu yake. "Huu wako, dada Tamu, siku chungu kikiiva." Nikaleta chai, nikauruka mto. Jumatano ya tatu mto ulikuwa pale pale. Ya nne pia. Mtu mwenye akili angeketi. Lakini nilishajiapiza kwamba sitapokea pole iliyobaki kwa mwingine, na mimi nikishajiapiza huwa mgumu kuliko mkate wa juzi.

Jumatano ya tano ndiyo iliyoniharibia. Bi Wafaa alimwambia Ibtisam asimulie jambo moja la Jawad, lolote, hata dogo. Nilikuwa nakaribia pazia na sinia. Ibtisam akaanza, "Mama yao alipofariki, Jawad alikuwa halali mchana. Alikuwa analia mpaka..."

Sinia lilinitoka. Glasi nne zilivunjika, na chai ikamwagika mpaka kwenye mkeka.

Mchana ule ulikuwa wangu. Duniani hakukuwa na mtu mwingine ndani yake isipokuwa mimi na yeye. Mama alikuwa na desturi ya kulala naye baada ya chakula, na alipokufa Jawad akawa hapati usingizi wa mchana, analia mpaka anatapika. Siku moja nilifunga madirisha yote, nikavaa jalaba ya Mama ya kahawia iliyokuwa bado inanukia maji ya maua ya michungwa, nikavuta kofia yake mpaka usoni, nikajilaza kando yake bila kusema neno. Akapapasa, akanikumbatia, akasema, "Mama," akalala. Nilifanya hivyo majira yote ya baridi. Sikumwambia mtu, kwa kuwa ni aibu kumdanganya yatima kwa nguo ya marehemu, na Jawad mwenyewe alikuwa na miaka minne, hakuweza kujua. Labda alikumbuka kwamba alikuwa analia. Labda alimwambia mkewe hilo tu. Lakini hata kilio chake cha mchana kilikuwa changu, nilikibeba mimi kifuani, na sasa msichana wa miezi saba amekaa kwenye mto anakigawa kwa wageni.

"Tamu, umeungua?" akauliza Bi Wafaa.

"Sijaungua. Endeleeni, mna mengi."

Nikatoka nikauacha mlango wazi na vigae sakafuni. Nilivuka uchochoro, nikajifungia chumbani kwa cherehani, na hapo juu ya kabati kilikuwepo kipande kilichobaki cha lile jora. Lalla Zhor alikuwa ameleta kingi mno. Sikufikiri. Nilipima, nikakata, nikashona moja kwa moja, na safari hii mabega yalikaa sawasawa. Nikavaa. Nikafunga na ushungi. Nikajitazama kwenye kioo cha wateja, na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne ile nikamwona mtu aliyefiwa. Nikamwambia yule mwanamke wa kwenye kioo, "Maskini wewe," na nikajisikia vizuri, wallahi nilijisikia vizuri.

Bushaib aliingia baada ya alasiri, na unga kwenye nyusi, kuja kula. Alisimama kizingitini. Sura yake ilibadilika, nikaona kwanza anageuka nyuma kutazama kama kuna mtu aliyemfuata.

"Nimekufa lini?" akauliza.

"Nani kasema umekufa?"

"Nguo yako ndiyo inasema. Mwanamke aliye na mume havai hiyo, Tamu. Unanifanyia eda nikiwa nimesimama?"

"Si yako. Ni ya Jawad."

"Jawad alikuwa mumeo?"

"Alikuwa wangu kabla hajawa wa mtu yeyote. Hilo hamtaki kulisikia. Wewe siku tatu zilipokwisha ulikwenda kuchoma mikate yako."

Alitazama mikono yake, akaifuta kwenye aproni, akaitazama tena.

"Ile siku, hospitali walipotupa mwili, nani alimwosha?" akasema. "Ulifikiri ni nani? Imamu alinisomea tu. Mimi ndiye niliyemwosha, kila pale palipovunjika. Mimi ndiye niliyemvisha nyeupe. Sasa naingia nyumbani kwangu nakuta nyeupe nyingine imesimama inanisubiri na chakula."

Akageuka, akaondoka bila kula, na mlango akauacha wazi kama nilivyouacha mimi kule. Na ng'ambo, kwenye kibaraza chake, Lalla Zhor alikuwa anachambua dengu, macho yake yanaona vizuri hata dengu mbovu.

Usiku huo Bushaib alilala tanurini. Asubuhi mtaa mzima ulipopeleka masinia ya mikate, habari ilikuwa imeshaumuka. Tamu kamkalia mumewe eda angali hai. Mteja mmoja alikuja kuchukua kitambaa chake akisema ameahirisha harusi. Mwingine alichungulia mlangoni akauliza kwa adabu kabisa, "Bushaib mzima?" Na kule tanurini wakorofi walikuwa wanampa mkono. "Baraka iwe kichwani mwako, Bushaib, kwa msiba wako." Nimesikia alicheka nao mwanzo, kisha akaacha kucheka. Hata hilo lilinichoma. Mume wangu alipewa mkono wa rambirambi kwa kifo chake mwenyewe, na mimi wa ndugu yangu niliupata mlangoni pamoja na sukari.

Alhamisi hiyo sikwenda kwa Ibtisam. Ijumaa pia sikwenda. Jumamosi, jua likiwa katikati, mlango wangu ukagongwa, na nilipofungua nikamkuta yeye, amevuka uchochoro mchana kweupe mbele ya watu wote, na soksi zake nyeupe zimechafuka vumbi.

"Mwenye eda hatoki," nikamwambia.

"Hatoki bila haja, wifi. Mimi nina haja."

Nikampisha. Alikuwa na miaka ishirini na miwili na alikuwa amekonda, jambo ambalo nilikuwa naliona kila siku na kulipa jina la maringo. Macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye msumari, pale nilipoitundika nyeupe yangu. Akaishika, akapitisha kidole kwenye mshono wa bega.

"Yako umeishona vizuri. Yangu bega moja limepanda."

"Najua."

"Nami nilijua kwamba unajua," akasema, wala hakusema kwa hasira. Akakaa kwenye kiti cha wateja. "Chukua na hii yangu basi. Nimechoka nayo. Wanakuja, wananishika mashavu, wananiuliza, Jawad alikuwa mtu wa namna gani? Mimi nimemfahamu miezi saba, wifi. Najua anavyokoroma. Najua hali maharage. Nikishasema hayo nimeishiwa. Wiki ya kwanza tu nilishaishiwa. Ikabidi nichukue yako."

"Yangu yapi?"

"Yote aliyokuwa ananisimulia ni wewe. Tamu alifanya hivi, Tamu alisema vile. Mkate wa Tamu, kofi la Tamu. Nimeolewa bibi harusi, kila hadithi nikiingia nakukuta wewe umeshakaa." Akavuta pumzi. "Nilikuwa nakuonea wivu mpaka nachukia jina lako. Nilimwambia siku moja, ungemwoa dada yako tu tukapumzika sote. Akacheka. Sasa nakaa dirishani navaa nyeupe, wewe unapita na sinia, na nasema moyoni, yule pale ndiye mwenye msiba, mimi nimeshika nafasi yake tu."

Sikuwa na pa kuweka mikono. Nilichukua sindano nikaanza kuitia uzi ambao sikuuhitaji.

"Jumatano," akasema, "uliondoka kabla sijamaliza."

"Nilisikia ya kutosha."

"Ulisikia mwanzo. Nilikuwa nataka kusimulia ya jalaba ya kahawia."

Ile sindano ilinichoma, nami nikaiacha ndani ya kidole.

"Nani kakuambia habari ya jalaba?"

"Yeye, ataniambia nani mwingine?"

"Hakuwa anajua. Alikuwa na miaka minne. Madirisha yalikuwa yamefungwa."

"Alijua siku ile ile ya kwanza, wifi. Aliniambia mama yenu alikuwa na vidole laini, na wewe vyako vilikuwa vimejaa matundu ya sindano, maana ndiyo kwanza ulikuwa unajifunza. Alipapasa mkono, akajua ni wewe."

"Muongo. Aliniita Mama. Kila siku aliniita Mama, majira yote ya baridi."

"Na mimi nilimwuliza hivyo hivyo. Kama ulijua, kwa nini ulimwita Mama?" Ibtisam alisimama, akaja akanichomoa ile sindano kidoleni, akaichomeka kwenye mto wake wa pamba. "Akasema, kila nikimwita Mama, Tamu alikuwa anaacha kulia."

Miaka ishirini na miwili nilidhani nilikuwa nalia bila sauti. Nilikuwa nauma ukosi wa ile jalaba ili kitanda kisitikisike. Nilidhani nilikuwa nambembeleza mtoto, kumbe mtoto alikuwa ananibembeleza mimi, mwenye miaka minne, aliyefiwa na mama yake, ameminya macho katika giza la mchana akijifanya hajui.

"Kwa nini hakuniambia mimi?" nikasema, na hata hapo, hata katika hali ile, wivu ulikuwa bado unanitafuna. "Akuambie wewe wa miezi saba."

"Aliogopa utaona haya. Alisema atakuambia ukizeeka, mkikaa mnacheka."

Kisha akanishika mashavu kwa mikono yote miwili, kama walivyokuwa wakimshika yeye, akaniinamisha kichwa akagusa paji langu kwa paji lake.

"Baraka iwe kichwani mwako, Tamu," akasema polepole, neno kwa neno.

Jibu nilikuwa nalijua. Nililisikia likitoka kinywani mwake kwa wiki sita nzima. Lakini kilichotoka kilikuwa kingine.

"Vua hiyo nguo," nikasema. "Nikulinganishie bega."

Alikaa na gauni lake la ndani, akijifunika na zambarau yangu, akala zeituni kutoka bakulini, nami nikafumua bega la kushoto nikaliteremsha. Nyeupe yangu niliishusha msumarini, nikaikata vipande vinne, nikapinda kingo. Nikakanda unga. Mikate ilipoumuka nikaifunika kwa kipande kimoja, nikajitwika sinia kichwani, nikatoka mbele ya Lalla Zhor na dengu zake, nikashika njia ya tanurini.

Wanawake wanne walikuwa wanasubiri zamu. Walinipisha haraka kama anavyopishwa mtu mwenye ugonjwa. Bushaib alikuwa katika shimo la mwokaji mbele ya moto, na ule upawa wake mrefu wa kuopolea mikate, ameingiza mikate ya mtaa mzima. Akatazama sinia, akaona kile kitambaa.

"Nani amekufa leo?" akauliza, na wale wanawake wakainamisha vichwa kuficha kicheko.

"Jawad," nikasema.

Upawa ukatulia mkononi mwake. Nikateremka zile ngazi tatu mpaka shimoni, mahali ambapo mwanamke hashuki, nikamshika mashavu na unga wake na masizi yake.

"Baraka iwe kichwani mwako, Bushaib," nikamwambia. "Wewe uliyemwosha."

Alifungua kinywa ajibu kama inavyojibiwa, akashindwa kama nilivyoshindwa mimi. Akaweka upawa chini, akaegemeza kichwa chake begani kwangu, akalia kwa sauti, mwanamume mzima, mbele ya wateja wake. Nyuma yake mikate ilianza kunukia, kisha ikaanza kunukia vibaya. Hakuna aliyemwita. Mtaa mzima ulikula mkate ulioungua siku ile, na hakuna aliyerudi kulalamika.